Miaka Saba Upande wa Pili wa Meza

Neema, mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, bado nina mwaka mzima wa shule mbele yangu, na tayari bega langu la kulia linatabiri mvua. Hakukuwa na keki, wala hotuba, wala saa ya ukutani yenye jina langu. Nilivua aproni, nikaitundika kwenye msumari, Mama akaniambia nipite dukani ninunue maziwa. Ndivyo watu mashuhuri wanavyoagwa huku Hässelby.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia Jumamosi ijayo unakuja na aproni yako mwenyewe, ile yenye picha ya paka, na kwamba una furaha sana. Una miaka kumi na mmoja. Furaha hiyo naijua, niliwahi kuwa nayo, ilidumu kama dakika arobaini. Habari za vyeo sitaziandika kwa kuwa sikupata hata kimoja. Nilianza nikiwa "wewe shika hapa" na nimemaliza nikiwa "wewe shika hapa." Mshahara ulikuwa pilau. Yaliyobaki ndiyo haya.

Huyo unayemwita Aunti, mimi namwita Mama, na kanisani wanamwita Mama Keza, Keza nikiwa mimi. Siku za wiki anahudumia wazee majumbani mwao Vällingby, anawavalisha soksi na kusikiliza habari za mbwa wao waliokufa. Jumamosi ni mchoraji wa vitambaa. Kazi hiyo aliianzia kiwandani Eldoret, katika chumba cha wachoraji, akiwa msichana pekee kati ya wanaume sita ambao walikuwa wakichora maua yale yale tangu kabla hajazaliwa. Kiwanda kilifungwa, yeye akaja huku Uswidi kusoma, akakutana na Baba, Mrundi, na ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili: ndiyo lugha pekee ambayo wote wawili wanaweza kugombana kwayo bila mmoja kushindwa mapema.

Mama ana imani moja tu kuhusu kazi yake. Chora kilicho mbele ya macho yako. Nilikuwa na miaka minane alipokuja chini kwenye karakana yetu mwanamke mmoja mwenye duka la vitambaa mjini. Aligusagusa kila kitu kwa heshima, kisha akauliza kama Mama angeweza kumchorea twiga, machweo kidogo, kitu cha kwao.

"Twiga nimemwona mara moja," Mama akamjibu kwa Kiswidi chake cha taratibu, "na alikuwa amenipa mgongo. Lakini chumba cha kufulia nguo cha jengo hili nakiona kila wiki. Nikuchoree hicho?"

Mwanamke akacheka sana. Alidhani ni mzaha. Mimi pia nilidhani hivyo.

Sasa karakana. Ni chumba cha chini ya jengo, kando ya baiskeli ambazo wenyewe walishahama. Ndani kuna meza ya mita sita, na enzi zangu ilikaa katikati ya chumba, ili watu wapite pande zote mbili. Kitambaa kinalazwa juu yake na kubanwa kwa pini hadi kisiwe na hata wazo la kukunjamana. Juu ya kitambaa inakaa fremu ya mbao yenye wavu mwembamba sana. Mahali penye mchoro wavu uko wazi, kwingineko umezibwa. Unamwaga rangi ukingoni, unaikokota juu ya wavu kwa ubao wenye ulimi wa mpira, na mchoro unashuka kwenye kitambaa. Ubao huo Waswidi wanauita rakel. Nyumbani ukawa Rakeli, na kwa kuwa ana jina, tunamsema kama mtu. Rakeli ameoshwa? Nani kamwacha Rakeli na rangi mdomoni?

Shida ya kanga ni upana wake. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kumvuta Rakeli kutoka pindo hili hadi pindo lile bila kutetemeka. Kwa hiyo mnakuwa wawili, kila mmoja upande wake wa meza. Wa kwanza anamsukuma hadi katikati, na hapo, bila Rakeli kusimama, wa pili anampokea na kummalizia safari. Kisha mnarudi. Halafu mnanyanyua fremu pamoja, mnaruka nafasi moja ili msikanyage rangi mbichi, mnachapa inayofuata, na mkifika mwisho wa meza mnarudi kujaza mapengo. Ukisitasita pale katikati hata kidogo, rangi inaweka mstari mwembamba kama uzi. Mstari huo tunauita kovu. Haufutiki.

Kabla yangu, upande wa pili ulishikwa na mama yako. Hili sijui kama amewahi kukwambia. Shangazi Concessa alisimama pale miaka mingi, wewe ukiwa kwenye kitoroli mlangoni unatafuna pini za plastiki. Mgongo ulipomshinda, na nyinyi mkahamia Hallunda, ndipo nikaitwa mimi, nikiwa na miaka kumi na kiti cha plastiki cha kusimamia.

"Usimvute kwa mkono," alinifundisha siku ile ya kwanza, akinibonyeza tumboni kwa kidole. "Mvute kwa hapa."

"Tumbo halina vidole, Shangazi."

"Wifi," akamgeukia Mama, "huyu mtoto wako atakuja kufa kwa mdomo."

"Afe Jumapili," Mama akasema. "Leo kuna kazi."

Kisha Shangazi akainama sikioni mwangu, akanipa siri ya kazi. Alisema nisimtazame Mama usoni hata kidogo. Uso wa Mama akiwa kazini unatisha bure, utakufanya uogope na uache kovu. "Angalia mikono yake tu. Mikono ndiyo inakuambia lini." Nikalishika neno hilo miaka saba. Naweza kukuchorea mikono ya Mama sasa hivi huku nimefumba macho: kucha za bluu, alama ya pasi kwenye kifundo, kidole kidogo kinachonyooka peke yake sekunde moja kabla hajamwachia Rakeli. Ningeulizwa uso wake ulikuwaje mwaka fulani, ningekuwa kama yeye na twiga.

Baba alijaribu kunishikia nafasi mara moja, nilipokuwa na homa. Baba anaendesha basi, na hupokea kila kitu kama dereva. Kila Rakeli alipofika katikati, Baba alimsimamisha kwanza, akatazama kulia na kushoto, ndipo akaendelea.

"Baba Keza, unangoja abiria?"

"Usalama kwanza, Mama Keza."

Alifukuzwa kabla ya chai. Makovu yake tunayafutia vumbi mpaka leo.

Nilipofika miaka kumi na minne, Mama akaleta kwenye meza ule mchoro ambao mimi na mwenye duka tulidhani ni mzaha. Unaujua ubao wa zamu za kufulia, hata jengo lenu mnao: siku zimepangwa kwa safu, na kila nyumba ina kufuli lake dogo lenye namba, unalichomeka kwenye tundu la siku unayoitaka, na atakayeligusa ni vita. Mama aliuchora ubao huo katikati ya kanga, mahali ambapo wenzake wa Eldoret wangeweka ua. Matundu yakawa kama mbegu, makufuli yakazunguka pindo kama shada. Ukitazama kwa mbali, ni kanga ya heshima zake. Ukikaribia, unakumbuka kwamba umesahau soksi kwenye mashine. Na chini, mahali pa jina la kanga, kwa herufi kubwa: ZAMU YANGU HAIJAISHA.

Tulizipeleka kanisani Hallunda baada ya ibada. Mama Furaha, Mkongomani mwenye sauti inayofika hadi maegesho ya magari, alikuwa wa kwanza kuikunjua.

"Mungu wangu! Mama Keza, yaani niende harusini nimevaa ratiba ya kufua?"

"Vaa tu. Wenzako watavaa tausi."

"Tausi ana heshima!"

"Tausi umemwona wapi huku Hallunda?"

Mama Furaha akafungua mdomo kujibu, na hapo macho yake yakaangukia maandishi. Akayasoma kwa sauti ya chini, jambo ambalo watu wa kanisa lile hawakuwa wamelizoea. Kisha akasema polepole, "Ngoja. Nani kakwambia habari za yule jirani yangu wa ghorofa ya tatu?"

Kabla chai haijapoa, kila mwanamke pale alikuwa ameshasimulia siku aliyotolewa kwenye chumba cha kufulia akiwa na nguo mbichi mikononi. Mmoja alilia. Mama alisimama kando ameshika kikombe, na mimi kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hakuwa akitania watu. Alikuwa amewachora. Niliona fahari kubwa, nikaificha haraka kwa kuiba sambusa.

Kanga hiyo ndiyo iliyonimaliza. Binti wa Mama Furaha alipochumbiwa, mama yake aliitaka iwe sare ya upande wa bibi harusi. Doti sitini. Kila doti ni vipande viwili, kila kipande rangi tatu, kila rangi Rakeli aende na arudi. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilikuwa nikifundishwa hesabu hizo shuleni na nikashindwa kuzifanya kwa sababu ya kuzitenda.

Ilikuwa msimu wa baridi uliopita. Niliamka kila Jumamosi kukiwa na giza, nikashuka chini kukiwa na giza, nikatoka kukiwa kumerudi giza. Wenzangu walinitumia picha zao wakila vitafunwa kwa mtu fulani. Mimi niliwatumia picha ya kidole gumba cha zambarau. Darasani nilikuwa nasinzia nikiwa nimenyoosha mkono. Nikajaribu kisingizio cha kikohozi. Nikajaribu mtihani wa uongo, halafu ukaja mtihani wa kweli na sikuaminiwa. Na makovu yakaanza. Moja kwa kipande, halafu mawili, yote pale pale katikati, mahali ninapopokea.

Zamani Mama aliyasoma makovu yangu kwa utani. "Hapa ulikuwa unafikiria chakula. Hapa simu ilitetemeka mfukoni." Msimu ule aliacha kutania. Alipitisha kidole juu ya mstari, akakikunja kipande, akakiweka chini ya meza, tukachapa kingine. Mimi nilikuwa nikiangalia mikono. Mikono haikusema kitu.

Nikuambie waziwazi kilichokuwa kinanila. Nilitaka kuacha. Lakini kazi ile ni ya watu wawili, na mtu wa pili hakuwepo. Mama yako ana mgongo, Baba anangoja abiria, wewe kwa ufupi wako hufiki mezani hata kwa kiti. Nikiondoka mimi, hakuna kanga. Mama anabaki na soksi za wazee Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi anabaki na meza ya mita sita ya kutazama. Mtu aliyevuka dunia akiwa na kalamu zake za Eldoret kwenye begi, amekwamishwa na bega la mtoto wa shule. Wewe ungethubutu kumwambia?

Niliandaa hotuba. Niliiandaa kwa Kiswidi, kwa sababu kwa Kiswidi unaweza kusema "nahitaji kutanguliza masomo yangu" na ukasikika kama mtu mwenye afya. Kwa Kiswahili kila nilivyoigeuza ilikuwa inasema "Mama, nakuacha." Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Kila Jumamosi nilishuka nayo mdomoni, na kila Jumamosi nilipoanza tu, Mama alinikata: "Hapa kazini tunaongea Kiswahili." Basi nikaimeza.

Wakati huohuo Mama alikuwa anachora kitu kipya mezani jikoni, na mimi, kwa akili zangu, nikakicheka. Ilikuwa changarawe. Zile changarawe wanazomwaga njiani juu ya barafu tusivunjike viuno, na nyayo za viatu zikipita juu yake. Ilipendeza, sitasema uongo, ila ilikuwa nyembamba. Ukanda wa upana kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

"Mama, karatasi imekuisha? Hii ni skafu ya mwanasesere."

"Macho yangu yamechoka na vikubwa," akasema bila kuinua kichwa.

Akatengenezewa fremu ndogo. Ikaja na Rakeli mfupi, wa mkono mmoja. Nikatangaza nyumba nzima kwamba Rakeli amejifungua, na Baba akauliza kama baba wa mtoto anajulikana. Tulicheka sana mimi na Baba. Mama alicheka kidogo, akamwosha Rakeli mdogo, akamweka kando ya mkubwa. Nilifikiri ni uzee. Nilifikiri, maskini, Mama anaishiwa.

Tulikimaliza kipande cha mwisho cha harusi Jumamosi moja barafu ikiwa imeanza kuyeyuka. Tulikuwa kwenye rangi ya tatu, ya makufuli. Rakeli akafika katikati, kidole kidogo cha Mama kikanyooka, nikampokea, na badala ya kuvuta nikasema, kwa Kiswidi, yale maneno mafupi ambayo hayakuwa hata kwenye hotuba: kwamba sina nguvu tena. Nilingoja anikate. Nilingoja "hapa kazini."

"Rangi inakauka," akasema. "Maliza, mama."

Nikavuta hadi mwisho. Tukanyanyua fremu. Katikati ya kipande kulikuwa na kovu nene kama kamba ya kiatu, na Mama hakukitoa. Akafuta mikono, akaenda mwisho wa meza, akashika kona.

"Nisaidie kusukuma."

"Kuisukuma wapi?"

"Ukutani."

Tuliisukuma. Meza ile haikuwa imesogezwa tangu enzi za mama yako. Miguu ilikwaruza sakafu kwa sauti ya kukera, na jirani akagonga bomba. Upande wake ulibaki wazi. Upande wangu uliugusa ukuta. Pale niliposimama miaka saba, pale penye madoa ya rangi ya viatu vyangu kutoka namba thelathini na nne hadi arobaini, hapakuwa tena na nafasi ya mtu kusimama. Hata paka asingepenya.

Kisha akalaza kitambaa, akaweka fremu ndogo, akamvuta Rakeli mdogo kwa mkono mmoja kutoka ukutani hadi tumboni kwake. Akachapa ukanda mmoja wa changarawe. Akakigeuza kitambaa, akachapa mwingine. Peke yake.

Nikamuuliza tangu lini.

Akainama chini ya meza, akatoa rundo la vipande vilivyoharibika, akakunjua cha chini kabisa. "Tangu hiki. Wiki ya kwanza ya theluji. Nilisema moyoni, nikimuuliza Keza atasema hajachoka. Huyu mtoto ana adabu mbaya, lakini ile ya kumkatalia mama yake hana." Akakikunja tena. "Basi nikachora kinachotosha mkono mmoja."

"Na kanga ya ubao wa zamu?"

"Ile ni ya watu wawili," akasema, na akatazama ukutani ambako fremu kubwa mbili zilikuwa tayari zimeoshwa na kutundikwa, na msumari wa tatu unangoja.

Hapo ndipo nilipomtazama usoni. Sijui kwa nini Shangazi aliniambia uso huo unatisha. Ulikuwa uso wa mtu ambaye naye hajalala Jumamosi nyingi. Nikavua aproni. Akaniambia habari ya maziwa.

Kile kipande chenye kovu nene kilikwenda harusini pamoja na vingine. Mama Furaha mwenyewe alikivaa, kovu likampita tumboni, akacheza nacho hadi mwisho, na hakuna aliyeliona isipokuwa watu wawili.

Nimeshaziona kanga mpya, au sijui ziitwe nini, mitandio ya changarawe. Mwanamke wa twiga amerudi na amezitaka. Ni safi mno. Katikati natafuta mstari, kwa mazoea tu, na hakuna kitu.

Kwa hiyo Neema, kazi yako ni pasi. Hakuna atakayekuambia ushike upande wa pili, upande wa pili ni ukuta. Pasi iwe kavu, bila mvuke, upige kwa nyuma ya kitambaa, uhesabu hadi sitini kila mahali, polepole, usihesabu kama mtu anayekimbilia treni, la sivyo changarawe zote zitaondoka siku ya kwanza ya kufuliwa. Vaa soksi mbili, sakafu ile ni baridi hata Julai. Usimwache Rakeli na rangi mdomoni, wote wawili, ingawa mmoja hafanyi kazi siku hizi.

Na mama yako akikuambia uangalie mikono, mwambie ndiyo, halafu uangalie uso wa Aunti. Ukiona amechoka, usiniambie mimi. Mimi nimestaafu.

Niambie, lakini.